Waliohojiwa Kabla ya Aprili 1994

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakati huo ikiwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, kupima damu za watu wazima katika Mkoa wa Kagera. Ilikuwa imepita miaka minne tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania watambuliwe katika mkoa huo huo, na familia za Bukoba na Muleba zilikuwa zinazika watu wa umri wa kulima na kulea. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1990 na Japhet Killewo na wenzake, yaliugawa mkoa vipande vipande. Kati ya watu wa miaka 15 hadi 54, Bukoba Mjini walioambukizwa walikuwa asilimia 24.2. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba walikuwa asilimia 10.0. Karagwe, asilimia 4.5. Mwisho kabisa zikaja Ngara na Biharamulo, zikihesabiwa kwa pamoja: asilimia 0.4.

Katika maandishi ya wasomi, wilaya hizi mbili zilikuwa zimezoea kukaa mwisho. Wajerumani walijenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini wataalamu wa mila na sheria waliokuja baadaye walivutwa zaidi na Bukoba, kwenye falme za Wahaya, kahawa na shule za misheni. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alitoa pamoja na M. M. Hartnoll kitabu kinene cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Majalada yake yamehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanahistoria wa Kanda ya Ziwa wanayatumia mpaka leo. Wahangaza na Washubi wa Ngara, na Wasubi, Wazinza na Warongo wa Biharamulo, hawakupata kitabu cha uzito huo kutoka mikononi mwake. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua namna ya kutawala, na ilipeleka wataalamu wake kule kulikokuwa na watemi wenye nguvu na kesi nyingi za ardhi.

Baada ya uhuru maswali yalibadilika, na UKIMWI ukayabadilisha zaidi. Daktari alikuwa amekwisha kuuliza ni wangapi wameambukizwa. Sasa likaja swali la mchumi na la mwanasosholojia: mtu mzima akifa, kaya yake inakuwaje? Shamba analima nani? Mtoto aliyetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari anaanza, au anabaki nyumbani kuchunga wadogo zake? Majirani na ndugu wanabeba mzigo kwa muda gani kabla nao hawajachoka?

Kwa ajili ya maswali hayo Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandaa utafiti ambao umekuja kuwa mmoja wa tafiti za kaya zinazotumiwa zaidi barani Afrika. Upande wa Benki walikuwepo Martha Ainsworth na Mead Over. Upande wa chuo walikuwepo Godlike Koda wa uchumi, na George Lwihula, Phare Mujinja na Innocent Semali wa Muhimbili. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera.

Inafaa kukaa kidogo kwenye namna ulivyofanywa, maana thamani yake yote imo humo. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imekusanya habari za vifo, kwa hiyo watafiti waliweza kujua ni maeneo yapi watu wazima walikuwa wanakufa kwa wingi na yapi yalikuwa na nafuu. Wakaugawa mkoa pia kwa kilimo: ukanda wa migomba na kahawa, ukanda wa mito, ukanda wa mazao ya msimu, na mji wa Bukoba. Kutoka humo wakachagua maeneo 51 katika wilaya zote za mkoa wa wakati ule, zikiwemo Ngara na Biharamulo. Ukitaka kujua msiba unafanya nini, lazima upime pia mahali ambapo msiba haujafika kwa wingi, na wilaya hizi mbili zilikuwa mahali pa aina hiyo.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote kwa kirefu, walipita nyumba kwa nyumba na kuorodhesha zaidi ya kaya 29,000 ili kujua ni wapi kuna mgonjwa aliyeshindwa kufanya kazi na ni wapi pametoka msiba. Ndipo wakachagua kaya za kufuatilia, na kwa makusudi walichukua kwa wingi zile zilizokuwa na mgonjwa au zilizofiwa karibuni, wakachanganya na chache ambazo hazikuwa na shida hiyo. Wadadisi walianza kazi Septemba 1991. Walizihoji kaya zile zile mara nne, kila baada ya miezi sita au saba, mpaka Januari 1994. Kwa jumla kaya 915 zilihojiwa walau mara moja, na orodha ya wanakaya ikapita watu 6,000.

Dodoso lilikuwa refu. Liliuliza kaya imekula nini, ikiwemo mikungu ya ndizi na maharage ya shambani kwao ambayo hayakupita sokoni. Liliuliza nani ametuma fedha kutoka mjini na nani amepelekewa. Kila mtoto aliulizwa habari za shule. Kila mwanakaya alipimwa urefu na uzito. Nje ya kaya kulikuwa na madodoso mengine: la bei za sokoni, la shule ya msingi, la kituo cha afya, na hata la waganga wa jadi.

Tunapohadithia tafiti kubwa huwa tunawataja maprofesa, na nimewataja. Lakini kazi hii ilibebwa na watu wa vijijini waliokubali kukatishwa palizi na kukaa kwenye mkeka saa nzima na zaidi, wakieleza habari za marehemu wao kwa mgeni mwenye kalamu, kisha akarudi baada ya nusu mwaka na maswali yale yale, wakamkaribisha tena. Hakuna sheria inayomlazimisha mkulima wa Ngara kufanya hivyo. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kumtambulisha mdadisi, afisa mtendaji wa kata anaweza kugonga muhuri barua, lakini jibu la kweli hutoka kwa mwenye nyumba akipenda. Kaya zaidi ya 750 zilihojiwa mizunguko yote minne.

Kuhusu shule, majibu yalitofautiana na hofu iliyokuwepo. Ainsworth, Koda na Kathleen Beegle walipochambua takwimu hizo hawakuona kwamba watoto wa miaka 7 hadi 14 waliokuwa wameshaanza shule walikuwa wakiiacha kwa sababu ya kufiwa. Walichoona ni kuchelewa kuanza: mtoto aliyefiwa na mama, na mtoto wa kaya maskini iliyopoteza mtu mzima, walichelewa kuandikishwa. Wakaona pia kwamba saa za masomo zilipungua katika miezi ya kuelekea kifo, wakati mgonjwa yuko kitandani, na kwamba wasichana walipunguza saa za shule mara baada ya kumpoteza mzazi. Kitabu cha mahudhurio cha mwalimu kisingeyaonyesha haya. Mtoto jina lake limo, alama ya kuwepo imo, ila asubuhi kabla ya kuja amechota maji, amemgeuza mama kitandani na amemlisha uji mdogo wake.

Mzunguko wa nne ulimalizika Januari 1994. Madodoso yakafungwa na wadadisi wakatawanyika.

Tarehe 6 Aprili ndege ya rais wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Majeshi ya RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, yaliposonga mbele kuelekea kusini-mashariki, Wahutu kwa maelfu walikimbilia mpaka wa Tanzania, wakiwemo wasio na hatia na wauaji pamoja. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa takribani siku moja, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wenyeji wa wilaya nzima hawakufika 200,000. Wageni walielekezwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyoweka kambi hapo wakati wa kujenga barabara. Kwa siku chache, pori lile likawa makazi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Zikafuata kambi nyingine, Lumasi, Musuhura na Lukole, na wakaongezeka Warundi waliokuwa wakikimbia vita vya kwao.

Hakuna mtafiti aliyepanga jambo hilo. Lakini ilitokea kwamba wanakaya wa Ngara, Biharamulo na Karagwe walikuwa wamepimwa urefu, uzito, chakula, kazi na masomo mara nne mfululizo, na kipimo cha mwisho kilikuwa cha miezi mitatu tu kabla ya Rusumo. Mahali pengi duniani wakimbizi wanapoingia, wasomi hufika baada ya tukio na kuwauliza wenyeji hali ilikuwaje zamani, na kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kupata hasara au faida huwa imekwisha kubadilika. Hapa hali ya zamani ilikuwa imeandikwa na watu ambao hawakujua kitakachotokea.

Umuhimu wa takwimu hizo haukuonekana mara moja. Miaka ya kwanza kambi zenyewe ndizo zilizovuta macho ya wote. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ilikuwa na kazi ya maji, vyoo na kipindupindu. Shirika la Wajesuiti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995, na redio hiyo ikawafikia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi na Rwanda. Mwisho wa mwaka 1996 serikali iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 Desemba, na karibu watu nusu milioni walirudishwa kupita Rusumo ile ile. Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya namna nchi iliyosifiwa kwa kupokea wakimbizi tangu miaka ya 1960 ilivyofika mahali pa kufunga mlango. Maandishi yake yanafaa kusomwa na kila anayedhani kwamba uamuzi ule ulikuwa wa hasira tu. Alionyesha pia jinsi mataifa tajiri yalivyoiachia nchi maskini mzigo, huku yenyewe yakibana milango yao.

Watafiti wawili wa miaka hiyo wanastahili kutajwa kwa sababu walikaa na watu. Simon Turner, kutoka Denmark, alifanya utafiti katika kambi ya Lukole mwaka 1997 na 1998, kati ya wakimbizi wa Burundi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 2010 kinaeleza jinsi mashirika ya misaada yalivyotaka kumwona mkimbizi kuwa mtu asiye na siasa, wakati ndani ya kambi vyama vya Kirundi vilishindana na vijana wakapigania uongozi wa mitaa. Wanaume walimlalamikia kwamba heshima yao imeisha, kwa kuwa chakula, turubai na blanketi vilitoka UNHCR na si kwa mume.

Beth Elise Whitaker, Mmarekani, alitazama upande wa pili wa uzio, kwa wenyeji wa magharibi mwa Tanzania. Wakati ule maneno yalikuwa mawili tu: wakimbizi wametuharibia, au wakimbizi wametuletea soko. Whitaker alionyesha kwamba yote mawili yalikuwa kweli, ila kwa watu tofauti. Mwenye nguvu, mtaji kidogo na ujuzi wa kuzungumza na watu wa mashirika alipata kazi, akapanua shamba kwa vibarua wa kambini na akauza ndizi kwa bei nzuri. Mzee, mwanamke aliye peke yake na kaya isiyo na akiba walibaki na kuni zilizokwenda mbali, wizi wa mazao na bei iliyopanda. Kwa maoni yangu uchambuzi huo uliwatendea haki watu wa Ngara kuliko ripoti nyingi za wakati huo, kwa sababu haukuwafunga wote katika fungu moja.

Jambo jingine lililowafanya wenyeji na wageni waishi karibu ni lugha. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na wanaisimu wanaziweka zote, pamoja na Kiha, katika kundi moja. Mwenyeji wa Ngara na mkimbizi wa kutoka ng'ambo ya Mto Ruvubu waliweza kupatana bei ya maharage bila mkalimani. Shule za kambini zilifundisha kwa mitaala ya nchi walikotoka, kwa kuwa sera ilikuwa kwamba watarudi. Mtoto wa Kihangaza alikuwa katika shule ya Kiswahili kilomita chache tu kutoka hapo.

Mwaka 2001 lugha hizi zenyewe zilipata watafiti wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mradi wa Lugha za Tanzania kwa msaada wa Sweden, na kazi ikawa kuorodhesha lugha zote za nchi, kukusanya misamiati na kuandika sarufi kabla wazee hawajaondoka nazo. Henry Muzale na Josephat Rugemalira walikuwa kati ya wasomi waliouongoza mradi huo. Casmir Rubagumya, aliyejulikana zaidi kwa kazi zake juu ya lugha ya kufundishia, alikusanya msamiati wa Kihangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2009 ikatoka atlasi ya lugha za Tanzania yenye zaidi ya lugha 150. Kwa mara ya kwanza wilaya za pembeni zilikuwa na mahali pake kwenye ramani iliyochorwa na wasomi wa nchi yao wenyewe, na hilo kwangu si jambo dogo. Msamiati mmoja wa Kihangaza unamfaa mwalimu wa darasa la kwanza kuliko semina nyingi, kwa sababu unamwonyesha mtoto anakuja na maneno gani kutoka nyumbani.

Sasa turudi kwenye zile kaya 915.

Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mzunguko wa mwisho, watafiti waliamua kuwatafuta tena watu wote waliokuwa kwenye orodha. Viongozi walikuwa Kathleen Beegle wa Benki ya Dunia, Stefan Dercon wa Chuo Kikuu cha Oxford na Joachim De Weerdt, Mbelgiji aliyekuwa ameanzisha Bukoba taasisi ya utafiti iitwayo EDI. Tafiti nyingi za kurudia hurudi kwenye nyumba ile ile, na usipomkuta mtu unaandika kwamba hayupo na kuendelea. Hawa waliamua kumfuata kila mtu alikokwenda. Mdadisi alifika kijijini, akauliza kwa ndugu na majirani, akaandika kwamba fulani aliolewa Muleba, mwingine yuko Mwanza anauza mitumba, mwingine Dar es Salaam, mwingine Kampala. Kisha timu ikawafuata huko huko. Katika nchi ambayo wakati huo watu wengi hawakuwa na simu wala kitambulisho cha taifa, waliwapata tena watu kutoka asilimia 93 ya kaya za mwanzo. Kaya zilikuwa zimegawanyika na kuzaana: wale wa kaya 915 walikutwa sasa katika kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 zoezi lilirudiwa, wakati huu majibu yakiingizwa moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo za mkononi, na kaya zikafika zaidi ya 3,300.

Hapo ndipo yalipoanza kutoka mambo ambayo hakuna mtu wa mwaka 1991 aliyeyafikiria. La kwanza lilihusu kuhama. Beegle, De Weerdt na Dercon waliwalinganisha watu waliokulia kaya moja, ndugu na ndugu, mmoja akabaki na mwingine akaondoka. Kati ya 1991 na 2004 matumizi ya aliyehama yalikua zaidi ya ya aliyebaki kwa pointi za asilimia 36. Wote walitoka chungu kimoja. Hiyo inasema jambo zito juu ya vijiji vyenyewe: aliyebaki hakuwa mvivu, na kilichomshinda kilikuwa pale alipokaa, penye soko dogo, barabara mbovu na kazi chache.

La pili lilihusu yatima. Wale watoto walioulizwa habari za shule mwaka 1991 walikuwa sasa watu wazima, na wangeweza kupimwa tena. Waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikuwa wafupi kwa takribani sentimeta 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa na upungufu wa takribani mwaka mmoja wa masomo. Uchambuzi wa kwanza ulikuwa umeleta faraja kidogo, kwamba watoto hawaachi shule kwa kufiwa. Muda ukaonyesha kwamba kule kuchelewa kuanza kulikuwa ni deni lililokuja kulipwa baadaye. Nadhani hili ni funzo kubwa kwa wizara inayopima mafanikio kwa uandikishaji wa mwaka mmoja.

La tatu lilihusu Aprili 1994, na hapa Ngara na Biharamulo zilitoka pembeni zikakaa katikati. Wachumi wa vyuo vya Ulaya na Marekani walitambua kwamba takwimu za UKIMWI za Kagera zilikuwa pia takwimu za wakimbizi. Upande wa magharibi wa mkoa ulipokea kambi. Upande wa mashariki ulikingwa na vilima, maziwa na mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamepimwa kabla, wakapimwa tena baada.

Javier Baez aliwaangalia waliokuwa watoto. Makala yake ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba waliokulia karibu na ujio wa wakimbizi walikuwa wafupi kwa sentimeta 1.8 walipofika ujana, walipungukiwa na elimu kwa sehemu ya tano ya mwaka, na uwezo wa kusoma na kuandika ulipungua kwa pointi 7 za asilimia. Msomaji wa haraka anaweza kuona sentimeta 1.8 ni kitu kidogo. Mimi naona mtoto aliyeharisha na kukosa chakula cha kutosha wakati malori ya mahindi ya msaada yanapita barabarani kuelekea kambini, na zahanati ya kijiji chake imezidiwa na wagonjwa wasiohesabika.

Jennifer Alix-Garcia na David Saah walichunguza bei. Vyakula vilivyogawiwa kambini, kama mahindi, havikupanda sana. Vilivyopanda ni vile ambavyo mkimbizi hakupewa na alivitamani: ndizi za kupika, maziwa. Mkulima mwenye migomba aliona neema, na mnunuzi wa mjini akaumia. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walikuta kwamba walioumia zaidi ni vibarua wa mashambani, ambao ghafla walishindana na maelfu ya watu waliokubali ujira mdogo kuliko wao. Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva walikuta jambo linaloendana na hilo: wenyeji waliokuwa karibu na kambi waliacha kazi za kuajiriwa wakarudi kwenye mashamba na mifugo yao. Ukisoma kazi hizi pamoja unaona kwamba Whitaker, aliyekuwa amekaa vijijini na daftari, alikuwa ameyasema karibu yote kabla ya mahesabu kuyathibitisha.

Maystadt na Gilles Duranton walisubiri zaidi na kutumia takwimu za 2010. Lukole, kambi kubwa ya mwisho Ngara, ilikuwa imekwisha kufungwa. Faida, waliona, ilibaki kwa wenyeji kwa wastani hata baada ya wakimbizi kuondoka, na maelezo yao makubwa ni barabara. Njia zilizotengenezwa ili malori yafike kambini zilibaki zikibeba mazao ya wakulima, na gharama ya usafiri ikashuka. Benaco, iliyokuwa uwanja wa maturubai, leo ni kituo cha biashara kinachofahamika na kila dereva wa lori anayeelekea Kigali.

Lakini wastani haumjui mtu. Kibarua aliyekosa kazi mwaka 1995 hakulipwa fidia na barabara ya 2010, na binti aliyepungua sentimeta mbili hakuzirudisha. Mtu anayetumia makala hizi kusema kwamba wakimbizi ni neema, au kwamba ni balaa, amezisoma nusu. Zinaonyesha kwa undani usio wa kawaida nani alilipa na nani alipokea, na serikali yenye nia ingeweza kuzitumia wakati mwingine mpaka utakapofunguka, kuwalinda wanaolipa.

Kuna jambo linaloniuma katika historia hii. Makala za wachumi nilizozitaja zote ziliandikwa kwa Kiingereza, nyingi katika majarida ya kitaalamu, na ndani yake Ngara na Biharamulo mara nyingi humezwa na maneno "Kagera" au "kaskazini-magharibi mwa Tanzania". Mipaka nayo imebadilika: Chato ilikatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, kisha ikahamishiwa Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, kwa hiyo mwanafunzi wa Chato leo anaweza asijue kabisa kwamba wilaya alikozaliwa imo ndani ya takwimu hizi. Mama aliyehojiwa mara nne kabla ya 1994, akatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoisikia kwamba majibu yake yamebadilisha namna dunia inavyofikiri juu ya yatima, juu ya kuhama na juu ya kupokea wakimbizi.

Kazi hiyo haihitaji mradi mkubwa. Takwimu zenyewe ziko wazi bila malipo kwa mtafiti yeyote, madodoso yapo, na vyuo vikuu vya Tanzania vina wanafunzi wa uchumi, sosholojia, elimu na isimu wanaotafuta mada ya tasnifu kila mwaka. Mwenye asili ya Ngara au Biharamulo aliye katika mwaka wa mwisho azichukue. Aongeze swali ambalo wageni hawakuliuliza, yaani lugha: watoto waliopungukiwa kusoma na kuandika walianza shule wakiwa na Kiswahili kiasi gani, na mwalimu wao aliwaelewa kwa Kihangaza au hakuwaelewa. Aandike kwa Kiswahili, apeleke nakala kwenye halmashauri ya wilaya na kwenye shule za kata, na aombe nusu saa Radio Kwizera kuyasoma matokeo hewani. Waliojibu maswali wengi bado wako hai, na wanaweza kusikiliza.